Tufe, Kisahani na Maisha ya Mrushaji: Utangulizi

Kwetu Afrika Mashariki, ukitaja riadha umetaja mbio. Mtoto wa shule Iringa au Eldoret huyajua majina ya Filbert Bayi na Kipchoge Keino muda mrefu kabla hajajua tufe lina uzito gani. Gazeti likichapisha habari za mashindano ya taifa, warushaji huwekwa mwishoni, katika mistari miwili ya matokeo, bila picha. Utangulizi huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayetaka kuvuka hadi upande ule wa uwanja. Huenda ni mwanafunzi wa elimu ya michezo, mwalimu aliyekabidhiwa michezo pamoja na vipindi vyake vya jiografia, au mzazi ambaye binti yake amerudi nyumbani akisema amechaguliwa kurusha tufe. Nyote karibuni. Hakuna anayechelewa kuingia katika elimu hii, na haidai mwili mkubwa kwa mtu anayetaka kuielewa tu.

Vitabu vingi vya mitupo huanza na kanuni: uzito wa chombo, kipenyo cha duara, adhabu za kukanyaga ubao. Mimi naona ni heri tuanze na mtu. Hasa tumfuate mtu anayerusha vyombo viwili, tufe na kisahani, kwa sababu katika maisha ya mchezo wake ndimo maswali yote ya fani hii yanamokutana. Tufe husukumwa, kisahani huzungushwa na kuachiwa. Tufe haliujali upepo, ilhali kisahani huishi kwa upepo. Kimoja hurushwa ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.135, kingine ndani ya duara la mita 2.50. Mwili unaoweza yote mawili kwa kiwango cha kimataifa ni maabara inayotembea, na historia imetupatia watu kadhaa wa namna hiyo.

Wa kwanza ninayetaka msomaji amjue ni Micheline Ostermeyer. Alizaliwa Desemba 1922 huko Rang-du-Fliers, kaskazini mwa Ufaransa, akakulia Tunis, wakati Tunisia ikiwa chini ya himaya ya Wafaransa. Tangu utotoni alipiga piano, na alipofika umri wa kubalehe akapelekwa Paris kusoma katika Conservatoire, chuo cha muziki chenye hadhi kubwa kuliko vyote nchini humo. Vita Kuu ya Pili ilipoanza alirudi Tunis. Huko ndiko alikoingia katika riadha kwa dhati, huku akiendelea kupiga piano katika redio ya mji. Vita vilipokwisha akarejea Paris kumalizia masomo, na mwaka 1946 alipata mambo mawili ambayo ni nadra kukutana katika wasifu wa mtu mmoja: zawadi ya kwanza ya piano ya Conservatoire, na medali ya fedha ya tufe katika mashindano ya Ulaya yaliyofanyika Oslo.

Miaka miwili baadaye ikafika Olimpiki ya London. Julai 30, 1948, Ostermeyer alishinda kisahani kwa mita 41.92, ingawa kisahani alikuwa amekianza karibuni tu. Agosti 4 akashinda tufe kwa mita 13.75, akawa bingwa wa kwanza wa Olimpiki wa tufe la wanawake, maana mwaka huo ndipo mchezo huo uliporuhusiwa kwa wanawake kwa mara ya kwanza. Kisahani chao kilikuwa kimeingia tangu Amsterdam mwaka 1928. Siku chache baadaye akapata shaba ya kuruka juu kwa sentimita 161, katika shindano ambalo Alice Coachman wa Marekani alitwaa dhahabu na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Olimpiki. Inasimuliwa pia kwamba baada ya ushindi wa tufe Ostermeyer aliketi kwenye piano katika makazi ya timu ya Ufaransa akawapigia wenzake Beethoven.

Ni rahisi kuifanya habari hii kuwa kivutio tu, mpiga piano aliyerusha chuma. Mimi naiona kwa namna nyingine. Lile tufe la kilo 4 hukaa kwenye mzizi wa vidole vitatu vya kati, haliguswi na kiganja. Kidole gumba na kidole cha mwisho hulizuia lisiteleze pembeni. Mwisho wa mtupo, baada ya miguu, nyonga, kiwiliwili na bega kumaliza kazi, vidole hivyo ndivyo vinavyotoa msukumo wa mwisho, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, wakati chombo tayari kinakwenda kwa kasi kubwa. Warushaji wengi huvifunga vidole plasta kwa sababu hapo ndipo huumia. Kwa hiyo mwanamke ambaye riziki yake ilikuwa mikononi aliiweka mikono hiyo hiyo chini ya chuma, siku baada ya siku, na hakupata senti kutokana na riadha, kwa kuwa enzi zile kanuni zilimtaka mwanariadha awe wa ridhaa. Muziki nao ulimtoza gharama yake. Baadhi ya watu katika ulimwengu wa muziki hawakumpa uzito aliostahili kwa sababu ya medali zake, na inajulikana kwamba kwa miaka kadhaa aliepuka kupiga kazi za Liszt hadharani, zisije zikaonekana maonyesho ya misuli. Aliachana na mashindano baada ya michuano ya Ulaya ya 1950 akaendelea na piano, kwanza jukwaani, baadaye akifundisha. Alifariki mwaka 2001.

Hapa pia mwanafunzi ajifunze adabu ya kwanza ya mtafiti wa michezo, nayo ni kuuliza nani hakuwepo. London 1948 Wajerumani na Wajapani hawakualikwa, na Urusi ya Kisovieti ilikuwa bado haijaingia Olimpiki. Iliingia mwaka 1952. Kule Oslo mwaka 1946, Msovieti Tatyana Sevryukova ndiye aliyemshinda Ostermeyer katika tufe, tena kwa zaidi ya mita moja. Helsinki 1952, Galina Zybina alishinda kwa mita 15.28, yaani mita moja na nusu zaidi ya ile ya London, katika muda wa miaka minne tu. Haya hayampunguzii Ostermeyer heshima yake. Yanatufundisha kwamba umbali ulioandikwa kwenye kitabu cha matokeo hubeba ndani yake siasa za dunia, nafasi ya mwanamke, chakula cha baada ya vita, hata aina ya udongo wa duara. Miaka ile duara lilikuwa la udongo au la makaa yaliyosagwa, na mrushaji alivaa viatu vyenye misumari. Saruji ilianza kuenea katika miaka ya 1950, na ilipoingia ikabadilisha kila kitu.

Sasa tuingie duarani tutazame kwa karibu.

Mrusha tufe anayetumia mkono wa kulia husimama nyuma ya duara akiwa ameligeuzia mgongo eneo la kuangukia. Tufe limegusa shingo chini ya taya, na ndiyo maana shingo yake imekuwa nyeupe kwa chokaa. Kanuni inamlazimu alitoe tufe kutoka begani kwa mkono mmoja, na lisishuke wala kwenda nyuma ya mstari wa mabega. Anajikunja, anasukuma kwa mguu wa kulia, anateleza kuelekea katikati, na mguu wa kushoto unatua karibu na ule ubao mweupe wa mbele. Kuanzia pale mguu wa kushoto unapogusa chini hadi tufe linapotoka mkononi ni kama robo ya sekunde. Sehemu kubwa ya kasi ya tufe huzaliwa katika robo hiyo. Mtazamaji anaona mkono. Kocha anatazama kama mguu wa kulia umetangulia kugeuka kabla ya nyonga, nyonga kabla ya bega, bega kabla ya mkono. Bega likitangulia, mtupo umekwisha kabla haujaanza, hata mrushaji awe na nguvu kiasi gani.

Kugeuza mgongo namna hii kuna mwenyewe. Parry O'Brien wa California aliuanzisha mtindo huu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kabla yake warushaji walisimama kiubavu. Yeye aliona kwamba akigeuka kabisa tufe litasafiri njia ndefu zaidi likiwa linasukumwa, na njia ndefu ni muda zaidi wa kuongeza kasi. Alishinda Olimpiki ya 1952 na ya 1956, na kati ya vipindi hivyo alishinda mashindano 116 mfululizo. Ni yeye pia aliyekuwa mtu wa kwanza kulifikisha tufe zaidi ya mita 18, kisha zaidi ya 19. Na msomaji asishangae: O'Brien alikuwa mrusha kisahani hodari pia, akawahi kuwa bingwa wa taifa lake katika kisahani.

Kwa nini njia ndefu na kasi ndivyo vinavyotafutwa, wala si nguvu tupu? Hesabu yake si ngumu, na ninamwomba msomaji asiikimbie. Chukua tufe linaloachiwa kutoka kimo cha mita 2.1, kwa pembe ya nyuzi 37. Likiwa na kasi ya mita 13 kwa sekunde litaanguka karibu na mita 19. Iongeze kasi mpaka mita 14 kwa sekunde, na tufe litafika karibu mita 21.7. Mita moja ya kasi imeleta karibu mita tatu za umbali. Sasa iache kasi ilivyo, badilisha pembe tu, kutoka nyuzi 37 hadi 40: utapata nyongeza ya sentimita 20 hivi. Pembe ni jambo dogo, kasi ndiyo kubwa, kwa sababu umbali hukua takriban kwa mraba wa kasi. Mwalimu anayemfokea mtoto arushe juu zaidi anamnyima kasi, maana mwili wa binadamu hausukumi kwenda juu vizuri kama unavyosukuma kwenda mbele. Hii ndiyo sababu warushaji bora wa tufe hawaachii kwa nyuzi 45 zinazotajwa katika vitabu vya fizikia vya sekondari.

Kisahani kinatupeleka kwenye fizikia nyingine. Cha wanawake kina uzito wa kilo 1 na kipenyo cha sentimita 18 hivi. Cha wanaume kilo 2 na sentimita 22. Hakishikwi. Hukaa juu ya pingili za mwisho za vidole, na anayekiona mara ya kwanza hudhani kitaanguka. Hakianguki kwa sababu ile ile inayozuia maji yasimwagike katika ndoo inayozungushwa na mtoto kwa mkono ulionyooka: mzunguko unakisukuma nje dhidi ya vidole. Mrushaji anazunguka mara moja na nusu, mkono ukibaki nyuma ya mwili, kisha kisahani kinatoka kwa kupitia kidole cha shahada kikiwa kinazunguka chenyewe. Mzunguko huo ndio unaokiweka sawa hewani. Kikitoka bila kuzunguka vizuri hutetemeka, hupigwa na hewa, na kuanguka karibu.

Hewa, basi, ndiyo inayofanya kisahani kiwe elimu ya pekee. Mkimbiaji wa mita 100 huombea upepo wa nyuma. Mrusha kisahani huombea upepo wa wastani unaomjia usoni, kwani kisahani kilichoinamishwa vizuri hubebwa na upepo huo kama bawa. Ndiyo sababu miaka ya karibuni warushaji wamekuwa wakifunga safari hadi Ramona, mji mdogo katika jimbo la Oklahoma, Marekani, ambako duara limejengwa mahali palipo wazi na upepo hauna kizuizi. Hapo Aprili 2024 kijana Mykolas Alekna wa Lithuania, mtoto wa Virgilijus Alekna aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa 2000 na 2004, aliivunja rekodi ya dunia ya Jürgen Schult iliyokuwa imedumu tangu 1986. Mwaka uliofuata akairudia hapo hapo na kufikisha mita 75.56. Katika mbio fupi na kuruka mbali, upepo wa nyuma ukizidi mita 2 kwa sekunde rekodi haihesabiwi. Katika kisahani hakuna kanuni kama hiyo. Je, iwepo? Mimi naona haihitajiki, kwa kuwa kuusoma upepo ni sehemu ya ustadi wenyewe. Lakini ni mjadala hai, na msomaji ana haki ya kunipinga baada ya kufanya utafiti wake.

Kuna kipimo kimoja kidogo ninachopenda kuwapa wanafunzi wanapoanza. Chukua mtu aliyeshinda vyote viwili katika Olimpiki moja, gawanya umbali wa kisahani kwa umbali wa tufe. Robert Garrett, mwanafunzi wa Princeton, alishinda vyote Athens mwaka 1896: mita 29.15 na 11.22. Jibu ni 2.6. Kisahani alikuwa hakijui. Kwao alitengenezewa chuma kizito mno, kiasi cha kilo 13 au 14, akakata tamaa, mpaka alipofika Athens akakuta cha kweli kina kilo 2 tu. Bud Houser, aliyekuja kuwa daktari wa meno, alishinda vyote Paris mwaka 1924 kwa mita 46.15 na 14.99: jibu 3.1. Ostermeyer: 3.0. Tamara Press wa Urusi ya Kisovieti, Tokyo 1964, mita 57.27 na 18.14: jibu 3.2. Tangu Houser, basi, mtu mmoja anayemudu vyote viwili hurusha kisahani takriban mara tatu ya tufe. Kwa Garrett kilichokosekana hakikuwa nguvu. Mzunguko ndio uliokuwa bado haujagunduliwa. Warushaji wa 1896 walikuwa wakiiga sanamu za Wagiriki wa kale.

Baada ya Press orodha hiyo inakatika. Tangu 1964 hakuna mtu mwingine aliyeshinda tufe na kisahani katika Olimpiki moja. Kisa hiki kinastahili kutafakariwa, kwa sababu mbinu zenyewe zilizidi kukaribiana. Mwaka 1976 Aleksandr Baryshnikov, Msovieti, alirusha tufe mita 22.00 kwa kuzunguka kama mrusha kisahani badala ya kuteleza kama O'Brien, na leo karibu wanaume wote wakubwa wa tufe wanazunguka. Ryan Crouser wa Marekani, bingwa wa Olimpiki mara tatu mfululizo, aliyerusha mita 23.56 mwaka 2023, alikuwa hodari wa kisahani alipokuwa sekondari. Yemisi Ogunleye wa Ujerumani alishinda Paris 2024 kwa mita 20.00 kamili, akizunguka. Tufe limeazima miguu ya kisahani, na bado watu wameachana. Ninavyoona mimi, kilichowatenganisha ni muda. Mwili wa tufe hujengwa kwa vyuma vizito na uzito wa mwili. Mwili wa kisahani unataka mikono mirefu na mabega yanayofunguka. Ukitaka sentimita 20 za mwisho katika kimoja, huna budi kutoa kitu katika kingine. Wapo wanaokataa sharti hilo, kama Jorinde van Klinken wa Uholanzi, anayejiandikisha katika michezo yote miwili kwenye mashindano makubwa, nami huwafuatilia kwa mapenzi yasiyofichika.

Press mwenyewe anatuingiza kwenye chumba kigumu cha nyumba hii. Alizaliwa Kharkiv mwaka 1937, akapata dhahabu ya tufe na fedha ya kisahani Rome mwaka 1960, kisha zile dhahabu mbili za Tokyo. Aliacha mashindano wakati ule vipimo vya jinsia kwa wanawake vilipoanzishwa mwaka 1966, na watu wakasema waliyosema. Hakuna lililothibitishwa. Mwanafunzi atakayekutana na maneno hayo asiyabebe kama ushahidi, wala asiandike juu ya mwili wa mwanamke jambo ambalo asingependa liandikwe juu ya mama yake.

Yaliyothibitishwa yanatosha kutusikitisha. Katika Ujerumani ya Mashariki serikali yenyewe iliendesha mpango wa kuwapa wanariadha homoni, wengine wakiwa watoto, bila kuwaambia. Heidi Krieger, bingwa wa Ulaya wa tufe mwaka 1986, alipewa vidonge hivyo tangu akiwa na miaka 16. Baadaye aliishi kama mwanamume kwa jina la Andreas, na ni miongoni mwa waliotoa ushahidi katika kesi ya Berlin ya mwaka 2000 dhidi ya viongozi wa michezo wa nchi hiyo. Rekodi za dunia za wanawake bado ni za miaka ile: tufe, mita 22.63 ya Natalya Lisovskaya mwaka 1987. Kisahani, mita 76.80 ya Gabriele Reinsch mwaka 1988. Binti wa leo anayeanza kurusha anaoneshwa namba hizo kama kilele, na mwalimu mwema atamwambia wazi zilipatikana katika zama gani. Atamwambia pia habari za Valerie Adams wa New Zealand. London 2012 Adams alishuka jukwaani na medali ya fedha, lakini aliyemshinda, Nadzeya Ostapchuk wa Belarus, akagundulika na dawa. Adams alikuja kuvishwa dhahabu yake nyumbani, Auckland, mbele ya watu wake. Aliendelea kurusha hadi Tokyo, akapata shaba mwaka 2021 akiwa na watoto wawili.

Kudumu kwa miaka mingi namna hiyo si ajabu katika fani yetu. Al Oerter wa Marekani alishinda kisahani katika Olimpiki nne mfululizo, 1956 hadi 1968; ile ya 1964 aliishinda mbavu zikiwa zimejeruhiwa na shingo imefungwa. Akastaafu, akarudi, na mwaka 1980, akiwa na miaka 43, akarusha mita 69.46, mbali kuliko alivyopata kurusha katika ushindi wake wote. Mitupo humlipa mtu anayerudia jambo moja kwa miaka mingi na kulielewa zaidi kila mwaka. Kwa hiyo kijana wa miaka 18 aliyeshindwa leo hana sababu ya kuambiwa kwamba hana kipaji.

Narudi Tunisia, kwa sababu kule alikokulia Ostermeyer ndiko anakotoka mtu ambaye kwa maoni yangu ndiye mrithi wake wa kweli. Raoua Tlili hushindana katika daraja la F41, la wanariadha wenye kimo kifupi. Rio 2016 alitwaa dhahabu ya tufe na ya kisahani. Tokyo akatwaa zote mbili tena. Paris 2024 akatwaa zote mbili kwa mara ya tatu. Lile jambo ambalo Olimpiki haijaliona tangu 1964, Paralimpiki imeliona kutoka kwa Mwafrika mmoja katika michezo mitatu mfululizo. Vitabu vya fani hii vinavyomtaja ni vichache mno, na hilo ni pengo la wasomi, kwa kuwa yeye kazi yake ameimaliza. Mwili wenye mikono mifupi unapata wapi kasi? Njia ya chombo inarefushwaje? Maswali ya O'Brien yamo yote katika mitupo yake, na majibu yake hayajaandikwa ipasavyo.

Nasi je? Tufe na kisahani vimo katika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari za Tanzania, na katika yale ya shule za sekondari za Kenya. Wanaorusha wapo. Ninachokiona kikikosekana mara nyingi ni saruji. Duara linachorwa kwa chokaa juu ya majani au vumbi, na mtoto anasimama humo na raba zake. Juu ya majani huwezi kuzunguka vizuri. Mguu unakwama, goti linajipinda. Kwa hiyo mtoto hujifunza kurusha akiwa amesimama, na akifika mashindano ya taifa na kukuta duara la kweli, linamwogopesha. Mifuko michache ya saruji, fundi anayejua kulainisha bila kufanya iteleze kama vigae, na pete ya chuma ya kipenyo sahihi: hicho ndicho chuo cha mitupo. Julius Yego wa Kenya alijifunza mkuki kwa kutazama video mtandaoni, akawa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72. Lakini mkuki hurushwa baada ya kukimbia, na kukimbia kunafanyika popote. Mtoto wa kisahani hawezi kuiga video bila kuwa na mahali pa kuzungukia. Jamaica, nchi ya mbio fupi, ilikuwa na sababu zote za kupuuza mitupo. Haikupuuza, na Paris 2024 Roje Stona alishinda kisahani kwa mita 70.00, rekodi ya Olimpiki.

Sura zinazofuata zitachukua mambo haya moja moja: mguu wa kushoto, hewa, chakula na vyuma, kanuni, dawa, na mitupo ya Paralimpiki ambayo nimeipa nafasi kubwa kuliko ilivyozoeleka. Kuna sura moja ambayo sikuweza kuiandika peke yangu, nayo ni historia ya warushaji wetu wenyewe. Haimo kwenye maktaba. Imo kwenye madaftari ya walimu wa michezo waliostaafu, yale yenye majina, tarehe na umbali uliopimwa kwa utepe wa fundi cherehani au kamba yenye mafundo, na mengine yamekwisha kuliwa na mchwa. Msomaji aliye na mwalimu wa namna hiyo kijijini kwake aende akamwamkie, aombe daftari, alipige picha ukurasa kwa ukurasa, na amuulize kila jina: alirusha kwa mtindo gani, duara lilikuwa la nini, na aliacha mwaka gani.